Ligi za fantasi hufia njiani kila Desemba, hizi za 'dainasti' zinadumuje?

Wiki tatu za kwanza za Ligi Kuu ya Uingereza zimekwisha, wachezaji wako na timu zao za taifa, na kama uko kwenye kundi la WhatsApp la FPL, hebu chunguza: kuna wasee ambao tayari wamenyamaza. Mwezi jana walikuwa wakituma picha za vikosi vyao kila baada ya dakika kumi. Leo wako nafasi ya kumi na tatu kati ya kumi na nne na hata linki ya ligi hawafungui. Kufikia Desemba kundi litabaki na watu watatu wanaotaniana, na mmoja anayeuliza, "Kwani pesa ya mshindi iko kwa nani?"

Nimekuwa kwenye ligi ndogo za aina hii tangu mwaka wa kwanza chuoni, na tano nimeziona zikifa. Ugomvi mkubwa ulitokea mara moja tu, nitausimulia mbele. Mara zingine zote ligi iliuawa na hesabu rahisi. Ukiwa umeachwa pointi 150 kufikia Novemba, hakuna kitu utakachofanya Februari kikubadilishie hali. Msimu ujao kila mtu anaanza sufuri, kwa hivyo hata ukijikaza umalize wa nane badala ya wa kumi na mbili, nani atakumbuka? Unaenda zako.

Sisemi mchezo wenyewe ni mbaya. Fantasy Premier League ilianza msimu wa 2002/03 na sasa ina timu zaidi ya milioni 11 kote duniani. Raha yake iko wazi: unapewa pauni milioni 100 za kuwaziwa, unanunua wachezaji 15, usizidishe watatu kutoka klabu moja, kisha unaanza kupiga kelele. Lakini mchezo huo umeundwa ili watu milioni 11 waweze kuucheza bila kujuana. Erling Haaland alipofunga mabao 36 msimu wake wa kwanza, 2022/23, karibu kila mtu kwenye ligi yetu alikuwa naye. Tulikuwa tukishangilia bao moja sote pamoja, halafu tunabishana nani alimpa unahodha. Na msimu ukiisha, kila kitu kinafutwa.

Mwaka jana rafiki yetu mmoja alihamia Minnesota, kule Marekani ambako Wakenya ni wengi. Kazini akaombwa achukue timu kwenye ligi ya fantasi ya ile futiboli yao ya kofia. Ligi ilikuwa na watu 12, imedumu zaidi ya miaka kumi, na timu aliyopewa ilikuwa imemaliza ya mwisho. Alipotuambia tulicheka, tukadhani wamemuuzia mbuzi kwenye gunia. Yeye alikuwa na furaha ya ajabu. Kumbe kumaliza wa mwisho kulimaanisha kwamba ndiye angekuwa wa kwanza kuchagua kati ya chipukizi wote wapya wa mwaka huo. Tangu hapo hatulali: NFL inaanza Alhamisi hii, Eagles dhidi ya Cowboys, na kwa saa zetu itakuwa Ijumaa alfajiri. Jamaa ametuagiza tuamke.

Ligi hizo wanaziita 'dainasti'. Najua, kwa Mkenya neno hilo lilichafuka kwenye kampeni za 2022, mahasla upande huu na watoto wa wakubwa upande ule. Hapa maana yake ni nyingine kabisa. Mchezaji ukimpata ni wako mwaka huu, mwaka ujao na miaka yote, hadi umtoe kwa hiari, umbadilishe na mwenzako, au astaafu. Na mchezaji mmoja hawezi kuwa kwenye timu mbili za ligi moja. Aliyemchagua Justin Jefferson mwaka wa 2020, alipoingia Minnesota Vikings akiwa chaguo la 22 la NFL, bado yuko naye leo ikiwa hakumuuza.

Mchezo wa fantasi wenyewe una umri. Bill Winkenbach, aliyekuwa na hisa katika klabu ya Oakland Raiders, aliubuni na wenzake wakiwa hotelini New York mwaka wa 1962, na Agosti 1963 watu wa timu nane wakakaa Oakland kuchagua wachezaji. Timu nane, meza moja, karatasi. Kompyuta zilikuja baadaye sana.

Siku ya kuanzisha ligi mnafanya drafti. Si ile ya vifuniko vya soda mnayocheza kwa kinyozi. Mnapiga kura ya nani achague wa kwanza, kisha mnakwenda kama nyoka: kwenye ligi ya watu 12, wa kwanza akishachagua, zamu inakwenda hadi wa 12, halafu wa 12 anachagua tena na mnarudi nyuma. Kwa hivyo aliyepata chaguo la kwanza atasubiri hadi la 24. Hii drafti kubwa hufanywa mara moja tu katika uhai wa ligi. Kuanzia mwaka wa pili mnachagua wageni peke yao, na aliyemaliza mkiani ndiye anayetangulia.

Nikitakiwa kutaja jambo moja linalofanya ligi hizi zidumu, ni hilo la mkiani. Mfikirie yule wa kumi na tatu wa kwenye kundi lenu. Kwenye FPL, Februari yake ni jangwa. Kwenye dainasti, Februari anapigiwa simu na wawili walioko juu: wanamtaka mshambulizi wake mwenye miaka 31 ili washinde sasa, naye anawaambia sawa, nipe chipukizi wako wawili na chaguo lako la kwanza la mwakani. Ghafla mtu wa mwisho ndiye mwenye soko. Ana kazi ya kufanya na ana sababu ya kufungua simu.

Halafu kuna raha ya kungoja, ambayo FPL haiwezi kukupa. Patrick Mahomes alichaguliwa wa 10 mwaka wa 2017, akakaa benchi la Kansas City Chiefs karibu msimu mzima na kuanza mechi moja tu. Mwaka uliofuata alirusha pasi 50 za kufunga na akatawazwa mchezaji bora wa NFL. Aliyevumilia mwaka mmoja alivuna. Kwa ajili ya vijana kama hao ligi nyingi zina nafasi kadhaa za pembeni, ambapo unamweka chipukizi bila kukula nafasi ya kikosi. Wamarekani wanaziita kikosi cha teksi, kwa sababu miaka ya 1940 mmiliki wa Cleveland Browns alikuwa na kampuni ya teksi na aliwaweka wachezaji wa ziada kwenye mishahara ya madereva. Sisi kwetu tumeamua kuziita kitalu.

Sasa ihamishe hadithi hiyo kwa mpira tunaoujua. Bukayo Saka alicheza mechi yake ya kwanza ya ligi Januari 1, 2019, akiwa na miaka 17. Kwenye FPL hakuna aliyejali. Kwenye dainasti, mtu mmoja angemtia kitaluni siku hiyo na leo angekuwa anatembea kifua mbele. Cole Palmer alikuwa wa benchi Manchester City hadi Septemba 1, 2023 alipokwenda Chelsea, na msimu huo huo akafunga mabao 22 ya ligi. Na wiki mbili hizi tumemwona Max Dowman wa Arsenal akiingia dhidi ya Leeds akiwa na miaka 15, na Rio Ngumoha wa miaka 16 akiifungia Liverpool bao la ushindi dhidi ya Newcastle dakika za mwisho kabisa. Kwenye FPL kuwanunua hao ni kujichoma. Kwenye dainasti, hao wawili wangezua vita.

Hapo ndipo wengi hukimbilia kunakili kanuni za Wamarekani neno kwa neno, na hapo ndipo watakwama. Mchezaji wa NFL akihama, anahamia timu nyingine ya NFL. Hakuna ligi kubwa zaidi ya kumchukua. EPL si hivyo. Harry Kane alikwenda Bayern Munich Agosti 2023. Mwaka huu pekee wameondoka Trent Alexander-Arnold kwenda Real Madrid, Kevin De Bruyne kwenda Napoli, Luis Diaz kwenda Bayern, Son Heung-min kwenda Los Angeles. Zaidi ya hayo, klabu tatu hushushwa daraja kila Mei, na misimu miwili mfululizo iliyopita tatu zilizopanda ndizo zilizoshuka. Ukiwa umejenga kikosi chako kwa miaka mitatu, unaweza kupoteza nguzo mbili ndani ya wiki moja kwa sababu ya dili lililopikwa Munich.

Lazima kanuni zenu zijibu hilo kabla halijatokea. Sisi tumekubaliana hivi: mchezaji akiondoka EPL, haki yake inabaki kwa mwenyewe kwa misimu miwili, bila kula nafasi ya kikosi. Akirudi ndani ya muda huo, anarudi nyumbani. Na aliyempoteza anapata chaguo la ziada mwishoni mwa raundi ya kwanza ya drafti ya wageni. Si dawa kamili, lakini inatuliza. Drafti ya wageni nayo isifanywe Julai kama watu wanavyopenda. Ngojeni dirisha la uhamisho lifungwe. Mwaka huu Alexander Isak alitua Liverpool siku ya mwisho kabisa, na ingawa yeye si mgeni EPL, mnapata picha ya jinsi mambo yanavyogeuka saa za mwisho.

Programu rasmi ya FPL ina mchezo wa drafti ambapo mchezaji ni wa mtu mmoja, na ni pazuri pa kujifunzia. Shida yake ni kwamba nayo hufutwa kila msimu. Wanaotaka dainasti ya EPL wengi hutumia Fantrax, inayokuruhusu kubaki na wachezaji mwaka hadi mwaka. Kwa NFL wengi wako Sleeper.

Kuna ugonjwa mmoja unaotokana na dawa yenyewe. Ukimzawadia wa mwisho, kuna mtu atakayetaka kuwa wa mwisho. Kufikia Machi utamwona anamweka Haaland benchi na kuanzisha kipa wa tatu wa Burnley. Ligi zenye akili zina jibu zuri: mpangilio wa drafti haufuati pointi ulizopata, unafuata pointi ambazo kikosi chako kingepata kama ungewapanga walio bora kila wiki. Ukimficha Haaland benchi, mabao yake bado yanahesabiwa dhidi yako. Aliye dhaifu kweli anasaidiwa, mjanja anabaki na aibu yake.

Sasa pesa. Msimu wa 2022/23 ligi yetu ilikuwa na watu 14, ada shilingi elfu moja, jumla 14,000. Tulimpa mwenzetu mmoja azishike kwenye M-Pesa yake. Alikuwa mtu safi, kati yetu hakuna aliyewahi kumdai hata mbao. Msimu ukaisha Mei 28, mshindi akangoja wiki ya kwanza, ya pili, kisha simu ikawa mteja. Kundi likachemka. Mtu akaweka picha yake na neno 'mwizi' juu yake, na mimi nikaweka kicheko. Jamaa akatoka kwenye kundi usiku huo. Ilipita karibu mwaka ndipo tukasikia kwamba mamake alilazwa mwezi Machi, akatumia zile pesa akijua atazirudisha, kisha akashindwa na akaona haya kusema. Tulipoteza rafiki wa miaka sita kwa elfu kumi na nne.

Nimelifikiria sana jambo hilo, na siamini tena kwamba kosa lilikuwa lake peke yake. Tuliacha pesa za watu 14 zikae miezi tisa kwenye laini ya kijana mmoja mwenye shida kama zetu, bila kumuuliza salio hata siku moja. Chama cha akina mama mtaani hakiwezi kufanya upuuzi huo. Wao wana mwenyekiti, katibu, mweka hazina, daftari, na watia sahihi watatu. Sisi tulikuwa na emoji.

Dainasti inakulazimisha ufikirie kama chama, maana pesa na ahadi zinavuka mwaka. Kule Marekani kuna huduma kama LeagueSafe zinazoshika ada za ligi hadi msimu uishe. Hapa nyumbani mnaweza kutumia akaunti ya pamoja ambayo mtu mmoja hawezi kutoa pesa peke yake, na taarifa ya salio ikawekwa kwenye kundi kila mwisho wa mwezi bila kuombwa. Sisi mwaka huu tuko 12, ada ni elfu ile ile moja. Mshindi 6,000, wa pili 3,000, wa tatu 1,000, na 2,000 inabaki kwenye mfuko. Mshindi alipwe ndani ya siku saba. Msiweke ada kubwa. Ada ya elfu ishirini inaleta watu wanaotaka pesa, na wanaotaka pesa huondoka mwaka wa pili.

Ile 2,000 ya akiba ina kazi yake, na kazi hiyo inatokana na kanuni ninayoiona muhimu kuliko zote. Kwenye dainasti unaweza kuuza chaguo zako za miaka ijayo. Mtu anaweza kuuza za 2026 na 2027 zote, akanunua mastaa wazee, akashinda leo, kisha akaingia mitini. Anaacha timu yenye wazee na bila chaguo, Wamarekani wanaiita timu yatima, na hakuna anayetaka kuirithi. Ni sawa na yule anayepokea mzunguko wa kwanza wa chama halafu asionekane tena. Kwa hivyo kanuni ni hii: huwezi kuuza chaguo la mwaka fulani kabla hujalipa ada ya mwaka huo. Ukitaka kuuza la 2027, lipa ya 2027 leo. Ukihepa, aliyeachiwa gofu lako anacheza mwaka wa kwanza bure, kwa ada uliyoacha na kidogo kutoka kwenye akiba.

Kuhusu kubadilishana wachezaji, msipige kura kila mara kuamua kama dili ni la haki. Niliona ligi moja ikivunjika kwa hilo: kila dili lililomfaa mtu mmoja lilipigiwa kura ya kukataliwa na wengine kumi, na kufikia Januari hakuna aliyekuwa akipendekeza chochote. Mtu ana haki ya kufanya dili bovu. Kinachofaa kufutwa ni njama tu, yaani wawili wanaojenga timu moja kwa siri wagawane zawadi. Msimamizi aamue hilo, na dili likimhusu yeye mwenyewe, waamue wengine wawili mliowataja tangu mwanzo. Andikeni yote kwenye waraka mmoja ambao kila mtu anaweza kuufungua, na kanuni ikibadilishwa katikati ya msimu, ianze kutumika msimu unaofuata.

Tena, msimamizi asijilipe. Agosti hii Rais Ruto alitia sahihi sheria mpya ya kudhibiti kamari, iliyochukua mahali pa ile ya 1966, na biashara ya kamari inahitaji leseni. Marafiki kumi na wawili wakichangishana na kugawana zote, hilo ni jambo lao. Msimamizi akianza kukata asilimia kumi na kusajili watu asiowajua kutoka mitandaoni, hiyo tayari ni biashara, na atakapokuja kuulizwa asiseme tulikuwa tunacheza. Walio chini ya miaka 18 wacheze bila ada.

Drafti yetu ni Jumamosi hii, kabla EPL irejee Septemba 13. Wachezaji 20 kwa watu 12 ni chaguo 240. Kila mtu akipewa dakika moja, ni saa nne. Tutaanza saa kumi na moja jioni, ambayo Minnesota ni saa tatu asubuhi, na yule wetu wa Doha yuko saa moja na sisi. Wengine wako Nakuru, Kisumu na Rongai. Mara ya mwisho tuliyokuwa sote mahali pamoja ilikuwa siku ya mahafali.

Nafasi ya kumi na mbili nilimwandikia yule aliyekuwa mweka hazina wetu. Alichukua siku mbili kujibu. Amelipa ada, na akaomba kitu kimoja, asiwekwe popote karibu na pesa. Kura imempa zamu ya mwisho, kwa hivyo atachagua wa 12 na wa 13 mfululizo. Jana usiku aliniuliza kama nafikiri Dowman atakuwa bado hajachukuliwa raundi ya sita. Sikumjibu, kwa sababu namtaka pia.